Sweta Kwenye Kamba

Tangu ndege ndogo zianze kuuzwa kwa bei ya pikipiki, hakuna mgeni anayelala tena Tukuyu. Hata Tusekile, msusi wa Dodoma, ana yake. Hutua nyuma ya migomba ya mama yake, akanywa chai, akaondoka kabla birika halijapoa.

Leo alipoinuka kuaga, sweta lake halikuwa kitini. Mama alikuwa ameliloweka kwenye beseni.

"Lilikuwa na vumbi," Mama alisema bila kumtazama. "Na kwa baridi hii halikauki leo. Utalala tu, mwanangu. Kitanda nimeshatandika."

Tusekile alicheka. Marehemu bibi yake naye alizuia wageni hivyohivyo, kwa kuwafulia nguo. Akamkumbatia mama yake.

"Nitalipitia kesho, Mama. Siku hizi si mbali."

Mama alimfunga kanga mabegani kwa ajili ya baridi ya huko juu, akasimama migombani mpaka mlio wa ndege ukapotea.

Mchana jua likawaka. Jioni Mama aligusa sweta kwenye kamba, akakuta limekauka kabisa. Akalianua, akalinusa, kisha akalirudisha kwenye beseni la maji.