Tasi Watupu

Mjomba alikung'uta mtego wa dema, na samaki, tasi watupu, wakamwagika mpaka wakamfunika miguu.

"Mwaka huu tumeula," akasema.

Mpwa wake aliibuka kando ya mashua, akavua miwani ya kuzamia. "Hawa wamefuata mwani, Mjomba. Nyota za bahari za miiba zimekula matumbawe, sasa yameota mwani, tasi wanajilia tu. Wale samaki wadogo wa manjano sikuona hata mmoja."

Akamwekea kipande cha tumbawe kiganjani. Mjomba alikifumbata kidogo tu, kikavunjika kama biskuti.

"Yakibomoka yote hivi, hata tasi watakosa pa kujificha," mpwa akasema.

Mjomba aligeuka kutazama nchi kavu. Ufukweni, mwanawe, aliyemwita mwenyewe aache kazi kiwandani aje wavue pamoja, alikuwa akisuka dema jipya, akiwapungia mkono.