Swali la Mzee Kirigia

Mwirigi alisema uongo wake huku ameshika kipande cha mbavu.

"Sikumgusa baba," alisema. "Ngazi iliteleza yenyewe."

Mzee Kirigia aliyemuuliza hakurudia swali. Swali lile huwa halirudiwi. Alimkatia Mwirigi kipande kingine cha mbuzi, akajikatia na chake, wakala pamoja, na shauri likaishia hapo mpaka mwezi uandame tena.

Kanyua, mama yake Mwirigi, alikuwa mlangoni pa jiko akimenya ndizi. Aliyasikia maneno yote. Siku nane nyuma alisimama papo hapo, kisu hicho hicho mkononi, akamwona mwanawe akiivuta ngazi kutoka kwenye mti mkongwe wa miraa, mumewe M'Ikiara akiwa juu. Hakupiga kelele siku ile, na leo pia hakusema kitu. Tangu mazishi alikuwa mtu wa ganzi. Juzi maji ya moto yalimwagikia mkono, akayatazama tu.

Sababu ya ngazi kila mtu aliijua. M'Ikiara aliwaita wazee akagawa miti yake yote ya miraa, akawapa watoto wa mdogo wake Kaberia. Mwirigi, mtoto wa pekee bomani, hakupata hata tawi. Wazee walipouliza kulikoni, M'Ikiara alitema mate chini.

Kaberia ndiye aliyemwita Mzee Kirigia kutoka Tharaka. Polisi hakuwataka. Polisi wanadanganyika, alisema, lakini ndugu wa gichiaro hadanganywi. Mababu wa koo hizi mbili walichanjana wakala kiapo: mtu wa ukoo wa Kirigia akija kwao hanyimwi kitu, na akiuliza huambiwa kweli. Wa ukoo wa M'Ikiara akithubutu kumdanganya, mwezi mpya haumkuti hai. Kila boma lina jina la mtu aliyejaribu.

"Huyu akitaka kitanda changu, mimi nitalala na mbuzi," Kaberia alitania mzee alipofika, akimkalisha kwenye kigoda cha marehemu.

"Nyinyi ndio mnaoniogopa," mzee alijibu, akipangusa kisu chake. "Wa kwangu nyumbani wananidanganya asubuhi na jioni, na hawapati hata mafua."

Watu wakacheka. Kanyua akamletea mgeni uji kwenye kibuyu, uliochacha, usio na sukari, bila kumuuliza anaupendaje. Mzee alikuwa akifika boma hili tangu Kanyua ni bibi arusi wa miezi mitatu, M'Ikiara yuko safarini Isiolo kutafuta ng'ombe.

Jioni, baada ya swali, Karoki, dada wa marehemu, akamfuata Kanyua jikoni. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Yeye ndiye aliyembeba Mwirigi mgongoni tangu mchanga, na sasa kila akimtazama aliona maiti inayotembea.

"Wifi, mtoto kadanganya. Mimi namjua, akidanganya hutazama miguu yake."

Kanyua alichochea moto.

"Akiri leo. Atatozwa ng'ombe, atachinjiwa kondoo atakaswe, lakini ataishi. Wewe ni mama yake, mwambie."

"Mwache."

"Atakufa, wifi."

"Mwache. Nyama imeshaliwa."

Karoki akatoka, akawaambia wanawake wenzake kwamba moyo wa Kanyua umegeuka jiwe. Ana mtoto mmoja tu duniani, na anamwacha ajifie hivi hivi. Wanawake walimwonea huruma kwanza, kisha wakaanza kumkwepa kisimani. Kanyua aliliona hilo, wala halikumuuma. Hakuna kilichomuuma, na jambo hilo peke yake ndilo lililomtia hofu kidogo.

Mwezi ule boma zima liliishi likimtazama Mwirigi. Alipokohoa, Karoki alishika kichwa. Alipoanguka na pikipiki pale mteremkoni, watu walikimbia na blanketi la kumfunika, wakamkuta anakung'uta suruali. Mwenyewe ndiye aliyeogopa kuliko wote. Alikonda. Usingizi ulimpaa. Alikuwa akijipapasa kifua katikati ya mazungumzo, kuhakikisha kama bado kinadunda.

Siku moja alikaa mbele ya sahani yake asiiguse.

"Mama, nitakufa?"

"Kula," Kanyua alimwambia.

Mwezi ukaandama. Kesho yake mchana Mzee Kirigia akapanda tena kutoka Tharaka, akamkuta Mwirigi uani anapasua kuni, jasho linamtiririka. Alimtazama kwa muda, kisha akawageukia watu.

"Mimi sina zaidi," alisema. "Mtu wenu ni msafi."

Kaberia aliinamisha kichwa, akamwomba msamaha mtoto wa kaka yake mbele ya wote, na kwa aibu akamrudishia miti saba mikongwe, ule wa ngazi ukiwamo. Karoki alimkumbatia Mwirigi akashindwa kumwachia. Alimwomba radhi Kanyua pia, kwa yale ya kisimani. Wazee walikubaliana kwamba gichiaro hakijawahi kukosea tangu enzi, wakala, wakashiba.

Mgeni hakutaka kukawia, maana safari yake ilikuwa ndefu. Macho yake hayakuwa mazuri tena, na mtaro wa langoni ulikuwa umejaa maji ya mvua. Mwirigi akaweka shoka chini, akasema atamsindikiza.

Kanyua alisimama mlangoni pa jiko, kisu mkononi, akamtazama Mwirigi akimshika baba yake mkono, akimvusha mtaro taratibu.