Jezi Isiyofuliwa

Maji yalichuruzika kwenye beseni kabla hakujapambazuka. Nilifungua bomba kidogo tu nisimwamshe Wendell, mkusanyaji wa jezi kuukuu za hoki ya barafuni, aliyelala kwangu kwa sababu theluji ilifunga barabara. Jezi aliyokuja nayo ilinuka, nikaona nimfulie.

Akaja mbio, soksi tu miguuni. "Bibi, usiiloweke! Hilo doa ndilo ushahidi wangu!"

"Ushahidi wa uchafu?"

"Wa mechi! Linaonekana kwenye picha ya gazeti. Ila jina la mchezaji limebanduliwa mgongoni, simjui."

Nikaigeuza ndani nje. Mgongoni ulining'inia mkanda wa kuifunga jezi kwenye suruali, ili wakipigana barafuni mpinzani asimfunike mchezaji kichwa nayo. Mikanda ya wachezaji wengine ilikuwa myeupe. Huu ulikuwa wa maua ya njano, kipande cha pazia la jikoni kwangu, na mshono wangu uliopinda.

Nikakaa. "Mkanda huu nilimshonea mume wangu." Marehemu mume wangu hakuacha hata glavu. Klabu iliwarithisha vijana kila kitu.

Wendell akafunga bomba, akanimiminia chai. "Basi ni yako, Bibi. Ichukue."

"Hapa nondo wataila. Wewe unajua kuitunza." Nikaipapasa kola, ngumu kwa jasho la zamani. "Lakini theluji ikiyeyuka, mwanangu, njoo nayo tena."