Kisu Mbele ya Mnyama

Lori lilikuwa limeshaanza kutambaa kutoka sokoni, vijana waliokamatwa kwenda vitani wamejazana nyuma. Shomvi, mchinja mbuzi wa mji ule, alikuwa ukingoni kabisa. Angeweza kuruka. Mama yake alitembea kando ya gurudumu.

"Usishuke, baba. Ukishuka watamchukua Ngwali."

Ngwali ni mdogo wake, hata kuku hajawahi kumshikilia achinjwe.

"Mchinjaji naye anaogopa damu!" mmoja akamchokoza, na lori zima likacheka.

"Mbuzi namlaza, namwelekeza kibla, namtajia Mungu," Shomvi alifoka. "Mtu nitamfanyia lipi kati ya hayo?"

Koplo aliyewalinda alikuwa amekaa mbele yao, ananoa singe kwenye jiwe.

"Afande, geukia huko unoe. Kisu hakinolewi mbele ya mnyama."

"Mnyama yuko wapi hapa?" koplo aliuliza, akaendelea kunoa.

Kicheko kikakatika. Shomvi akachomoa kisu chake kiunoni, akainama, akampa mama yake, mpini kwanza. Hakuruka.

Mama alikufa kwa homa. Ngwali ana watoto sasa. Koplo amestaafu, anafuga nyuki. Waliocheka walizikwa hukohuko vitani, ila wawili. Hao wanasema walimwacha Shomvi porini na mateka ambaye yeye aliamriwa amuue. Alikuwa amemlaza, amemwelekeza kibla, bunduki ameiweka chini, na mkono wake unapapasa kiuno, pale kisu kilipokuwa kikikaa.