Mikono ya Chuma

Baba alimwangusha mama jikoni mchana kweupe, akamkaba koo, kwa sababu tu mama alimgusa bega kwa nyuma.

Kwa miaka ishirini watu walilipa kiingilio kumwona baba yangu, Chuma, akipigwa viti vya kichwa kwenye ulingo wa mieleka. Wengine bado wana picha yake ukutani. Sisi tulibakiwa na mtu aliyesahau majina yetu, ila mikono yake haikusahau kitu.

"Baba, mwachie! Ni mama huyo!"

Nilimtwanga mgongoni kwa mwiko, nikamng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Macho ya mama yakaanza kugeuka meupe.

Ndipo nikajitupa chini kando yao, nikapiga sakafu kwa kiganja kama refa.

"Moja! Mbili! Tatu! Chuma ameshinda!"

Akamwachia papo hapo. Mama akajiburura hadi chini ya meza, akikohoa.

Baba akasimama, akainua mikono juu, akaligeukia dirisha na kutabasamu. Kisha akanitazama mimi.

"Haya," akasema, "anayefuata!"