Boti Nyepesi

Makame alipaka rangi ya kijani ubavu wa mwisho, akangoja ukauke, kisha akaishusha boti kwenye beseni la kufulia. Ilikuwa mfano wa boti ya wazi aliyopanda vitani, ndogo ya kubebeka kwapani, mabenchi yake yote yamo. Alipobonyeza rimoti ikaenda, lakini pua juu, ikiyumbayumba.

Siwema, mkewe, akaguna. "Baba Shani, hiyo ni nyepesi mno. Itapinduka."

Juu ya ukuta wa ua Siwema alikuwa ameanika betri za redio zilizokwisha, zipate jua, huenda zikaamka. Akazichukua, akazisimamisha kwenye mabenchi mojamoja. Boti ikashuka majini kiasi chake, ikatulia.

"Si unaona? Ndivyo inavyotakiwa kukaa."

"Ndivyo ilivyokaa tulipokwenda," Makame alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Niliporudi nayo, ilielea kama ulivyoiona mwanzo."

Makame akazitoa betri, akazifuta maji kwa upindo wa shati lake, akaenda kuzipanga tena ukutani, bega kwa bega, juani.