Jedwali la Upepo

"Jengo lilichoka, likaamua kulala," mhadhiri alisema, na darasa zima likaangua kicheko. Ukutani palikuwa na picha ya ghorofa lililoangushwa na dhoruba, nguzo zake zimekatika.

Binti mmoja hakucheka. Kwenye nguzo ya pembeni aliona alama ya kiganja kidogo, kilichobonyezwa zege likiwa bado bichi. Kilikuwa chake. Siku ile baba alimnyanyua akamwambia, "Weka sahihi, mhandisi wangu."

"Wewe usiyecheka, njoo utuonyeshe huyu bwana alivurunda wapi."

Akajikokota hadi mbele. Tangu baba atiwe ndani kwa ajili ya jengo hilo alilolisanifu, alikuwa amezirudia hesabu zake mpaka akazijua kichwani. Leo ndiyo kwanza amejua zilikotoka.

"Fremu ya jengo haina kosa, mwalimu. Alihesabia upepo wa zamani, wa kabla dhoruba hazijaanza kucharuka hivi."

"Enhe! Sasa mtu mzima na akili zake, upepo wa zamani anautoa wapi?"

Binti akaliweka mezani jedwali la upepo walilogawiwa mwanzoni mwa kipindi, bado lina joto la mashine ya fotokopi, akalikandamiza kwa kiganja.

"Humu, mwalimu. Hata baba ulimgawia hilihili."